Tofali Lisilocheza: Uhakiki wa Ujenzi wa Matofali ya Kuchezea kama Utunzi wa Watu Wazima

Ikisiri

Makala haya yanahakiki kazi za watu wazima wanaojenga kwa matofali ya plastiki ya kuchezea na kuwaonyesha wenzao walichojenga. Hoja kuu ni kwamba kazi hizi ni utunzi wa kaida, unaokaribiana kimantiki na ushairi wa arudhi wa Kiswahili. Kwa hiyo sifa zinazozoeleka kutolewa kwazo, yaani hesabu ya matofali na wingi wa saa zilizotumika, haziwezi kuchukua nafasi ya uhakiki. Makala yanachunguza kaida za ujenzi huo, kisha yanazipima kazi za wasanii watatu: Nathan Sawaya wa Marekani, Ekow Nimako wa Kanada na Ai Weiwei wa China. Mwisho yanajadili utaratibu wa kushirikiana kazi na swali la umiliki, na kutoa mapendekezo kwa watafiti na washauri wa sera za utamaduni katika kanda yetu.

Maneno ya msingi: uhakiki, mchezo, kaida, utunzi, umiliki, matofali ya kuchezea

1.0 Utangulizi

Kitenzi cheza kina mawanda mapana katika Kiswahili. Mtoto hucheza uwanjani, wazee hucheza bao barazani, na wanawake kwa wanaume hucheza ngoma. Jino lililolegea nalo husemwa kwamba linacheza. Fundi seremala akisema kwamba mguu wa kiti unacheza, hakisifu kiti hicho. Anakusudia kwamba kiungo hakishiki na kwamba atakayekikalia ataanguka. Maana hii ya mwisho, ambayo wengi huiona kuwa ya pembeni, ndiyo inayotupa ufunguo wa mada yetu.

Kampuni ya LEGO ilianzishwa na Ole Kirk Christiansen, seremala wa mji mdogo wa Billund nchini Denmark, mwaka 1932. Jina lake, lililoanza kutumika mwaka 1934, limetokana na maneno mawili ya Kidenishi yenye maana ya “cheza vizuri”. Kampuni ilipoanza kutoa matofali ya plastiki mwaka 1949, matofali hayo yalikuwa matupu kwa ndani. Yaliweza kupangwa, lakini hayakushikana sawasawa. Dawa ilipatikana pale vijibomba vilipowekwa ndani ya tofali ili vibanane na vinundu vya tofali la chini, na maombi ya hataza ya umbo hilo yaliwasilishwa tarehe 28 Januari 1958. Kwa lugha ya fundi wetu, kabla ya tarehe hiyo tofali lilikuwa linacheza, na baada yake likaacha kucheza. Mtu hakuweza kucheza vizuri mpaka tofali lenyewe lilipokoma kucheza.

Kwamba watoto hufurahia matofali haya si jambo la kuandikiwa makala. Linalostahili kuchunguzwa ni kwamba watu wazima, wakiwemo wahandisi, walimu, mawakili na wastaafu, wameyafanya kuwa nyenzo ya utunzi. Hubuni kazi zao wenyewe bila kufuata maelekezo ya kiwandani, huzionyesha katika maonyesho, hupiga picha, huandika maelezo na kukosoana. Kipindi ambacho mtu aliliacha tofali utotoni kabla ya kulirudia ukubwani wao hukiita zama za giza. Mzaha huo unaficha madai mazito: kwamba kurudi kwenye mchezo ni aina ya kuzinduka.

Kiswahili kinaposhika mada hii kinakumbana na ugumu wa istilahi. Neno mchezo linanukia utoto. Neno uraibu, ambalo baadhi ya waandishi hulitumia kwa shughuli ya kujifurahisha baada ya kazi, linabeba pia harufu ya tumbaku na tambuu, yaani jambo lililomteka mtu. Kati ya mambo ya kitoto na mambo ya mazoea mabaya, mtu mzima anayejenga kwa furaha na nidhamu hana jina lililotulia. Ugumu huu si wa kamusi peke yake. Jambo lisilo na jina jema ni vigumu kulihakiki, na lisilohakikiwa ni vigumu kuliombea nafasi katika sera.

2.0 Msingi wa Kinadharia

Johan Huizinga, katika kitabu chake cha mwaka 1938 kuhusu mwanadamu mcheza, alidai kwamba utamaduni huchipuka ndani ya mchezo, na kwamba mchezo una nafasi yake, wakati wake na sheria zake. Roger Caillois aliiendeleza hoja hiyo mwaka 1958 kwa kutofautisha mchezo wa kujiachia na mchezo unaojiwekea vikwazo kwa makusudi ili ugumu wenyewe uwe chanzo cha raha. Robert Stebbins naye, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, alizungumzia burudani ya dhati: shughuli ya ziada ambayo mtu huifanya kwa bidii, ujuzi na uvumilivu unaofanana na wa taaluma.

Mawazo haya yanafaa, ila hayamwambii mhakiki lipi zuri na lipi dhaifu. Kwa swali hilo, mwana wa Kiswahili ana hazina ya karibu zaidi. Kaluta Amri Abedi alipochapisha Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri mwaka 1954, aliandika kanuni za vina, mizani, beti na kituo kwa namna iliyozua mjadala wa miaka mingi. Katika miaka ya 1970 wanamapokeo na wanausasa walivutana juu ya swali moja kubwa: je, kaida ni roho ya shairi au ni vazi lake? Mvutano huo ulitufundisha mambo mawili. La kwanza ni kwamba kutimiza mizani hakumfanyi mtu kuwa mshairi. La pili ni kwamba anayeivunja kaida bila kuijua hajaleta usasa, amekosea tu. Makala haya yanayachukua mafunzo hayo mawili kuwa vigezo vya kuhakiki tofali.

Ulinganisho huu una mpaka wake. Shairi hutumia lugha, nayo lugha ina maana kabla mshairi hajaigusa. Tofali halina maana yoyote hadi lipangwe. Ninacholinganisha, basi, si maana bali nidhamu, yaani namna umbo lililowekewa mipaka linavyomlazimisha mtunzi kufikiri.

3.0 Arudhi ya Tofali

Tofali la kawaida lina vipimo visivyobadilika. Umbali kutoka kitovu cha kinundu kimoja hadi kitovu cha kingine ni milimita 8. Kimo cha tofali, bila kinundu, ni milimita 9.6. Bapa, ambalo ni kipande chembamba cha jamii hiyohiyo, lina kimo cha milimita 3.2, hivyo mabapa matatu yakipandanishwa hulingana na tofali moja. Kalibu za kiwandani hukatwa kwa usahihi wa sehemu ndogo kuliko moja ya mia ya milimita, na ndiyo maana tofali la mwaka 1958 bado hushikana na la leo.

Kutokana na vipimo hivyo huzaliwa mizani yenyewe. Mabapa matano yana kimo cha milimita 16, na vinundu viwili vina upana wa milimita 16. Ulingano huu wa tano kwa mbili ndio siri ya ujenzi wa watu wazima. Anayeujua anaweza kuvigeuza vipande ubavu, vinundu vikatazama pembeni badala ya juu, na bado kila kitu kikaingia mahali pake bila mwanya. Asiyeujua hubaki akipanga ngazi juu ya ngazi, na kila mviringo wake huwa na meno. Tofauti yao ni ileile iliyopo kati ya mtu anayehesabu silabi kwa vidole na malenga ambaye mizani imo masikioni mwake.

Zipo pia kanuni zisizoandikwa na kiwanda. Wajenzi hutofautisha viungo halali na viungo haramu. Kiungo haramu ni kile kinachowezekana kimwili lakini kinakitesa kipande, kwa kukipinda au kukibana kupita kiasi. Mtu anaweza kukitumia nyumbani kwake na hakuna atakayemshitaki, lakini akikionyesha ataulizwa. Wengine hukataza gundi, rangi na kukata vipande, wengine huruhusu. Hoja ya wanaokataza ni nzito kuliko inavyoonekana. Kazi ya tofali inaweza kubomolewa na vipande vyake vikarudi kuwa si kitu, tayari kwa utunzi mwingine. Anayetia gundi anaua uwezekano huo. Anapata sanamu, lakini anapoteza tofali.

Wingi wa uwezekano ndani ya mipaka hii unashangaza. Matofali sita ya vinundu vinane, ya rangi moja, yanaweza kuunganishwa kwa namna 915,103,765, kwa mujibu wa hesabu ya mwanahisabati Søren Eilers wa Denmark. Takwimu hii hupenda kunukuliwa kama tangazo la uhuru usio na mwisho. Mhakiki anapaswa kuisoma kinyume. Karibu namna zote hizo hazina maana kwa yeyote, na kazi ya mtunzi ni kukataa mamia ya mamilioni ili abaki na moja. Hata lugha huruhusu sentensi zisizohesabika, na bado hatumsifu mtu kwa sababu tu amesema sentensi ambayo haijawahi kusemwa.

4.0 Uhakiki wa Kazi

4.1 Sawaya na tofali kama jiwe

Nathan Sawaya alikuwa wakili mjini New York kabla ya kuacha kazi hiyo na kujenga kwa matofali muda wote. Maonyesho yake, The Art of the Brick, yalianza mwaka 2007 katika jumba la makumbusho la Lancaster, Pennsylvania, na tangu hapo yamezunguka nchi nyingi. Ni yeye, kuliko mwingine yeyote, aliyeufanya umma uamini kwamba kazi ya tofali inaweza kukaa ndani ya jumba la sanaa.

Mchango huo haupingiki. Hata hivyo kazi zake nyingi hulitumia tofali kama jiwe dogo la mraba. Matofali ya kawaida hupangwa safu kwa safu na kutiwa gundi hadi umbo la binadamu litokee. Mtazamaji hustaajabu kwamba kitu chenye pembe kimetoa bega la mviringo. Lakini jaribu la mhakiki ni jepesi: je, umbo hilohilo likichongwa kwa mti, nini kitapotea? Kwa nyingi ya sanamu hizi jibu ni kwamba kitapotea kile kistaajabisho peke yake. Kaida imetimizwa, na shairi bado halijazaliwa.

Kazi iitwayo Yellow ni tofauti. Ni kiwiliwili cha mtu wa rangi ya manjano anayejipasua kifua kwa mikono yake, na kutoka ndani yanamwagika matofali. Hapa jaribu letu linatoa jibu jingine. Kinachomwagika si mfano wa damu wala wa matumbo. Ni tofali lenyewe, lisilopangwa, lilivyo kabla ya kuwa mtu. Nje ya mwili tofali limeshikana, ndani limelegea. Mwili unaonyesha kilichoutengeneza, na wakati huohuo unaonyesha kwamba unaweza kurudi kuwa chungu ya vipande. Kazi hii haiwezi kuhamishiwa kwenye mti au shaba bila kufa. Ndiyo maana imekumbukwa kuliko nyingine zake nyingi, na si kwa sababu ya idadi ya vipande vyake.

4.2 Nimako na weusi kama hoja

Ekow Nimako, msanii wa Toronto mwenye asili ya Ghana, hutumia vipande vyeusi pekee. Mwaka 2019 alionyesha kazi zake katika Jumba la Makumbusho la Aga Khan mjini humo chini ya jina Building Black: Civilizations. Kazi kuu ilikuwa Kumbi Saleh 3020 CE, mji uliojengwa kwa takriban vipande 100,000.

Kumbi Saleh ni magofu yaliyoko kusini-mashariki mwa Mauritania, ambayo wanaakiolojia wengi huyahusisha na mji mkuu wa Ghana ya kale. Maelezo maarufu ya mji mkuu huo yaliandikwa na al-Bakri mwaka 1068. Al-Bakri aliishi Andalusia na hakufika huko; aliandika kwa kukusanya habari za wasafiri na wafanyabiashara. Alieleza mji wenye sehemu mbili, mmoja wa Waislamu wenye misikiti 12 na mwingine wa mfalme. Kwa hiyo mji tulio nao ni mji wa masimulizi, uliojengwa kwa vipande vya maneno ya watu wengine. Nimako anauchukua mji huo wa masimulizi na kuusukuma hadi mwaka 3020. Hafufui yaliyopita. Anauliza yangekuwaje kama yasingekatizwa.

Uteuzi wa rangi ndio uamuzi mkubwa wa kiufundi na wa kimaana kwa pamoja. Weusi ni rangi ngumu kwa mjenzi. Kazi ya rangi nyingi huweza kuficha udhaifu wa umbo, kwani jicho hufuata rangi. Kazi nyeusi haina maficho hayo, na vivuli, ambavyo ndivyo humwonyesha mtazamaji kina, humezwa. Kinachobaki ni mng’ao wa plastiki pale mwanga unapopiga ukingo. Mtazamaji hulazimika kusogea, kuinama na kurudi nyuma ili mji ujifunue. Aliyezoea kutupa jicho mara moja na kupita hataona chochote zaidi ya bonge jeusi. Kwa namna hii kazi inamfundisha mtazamaji jinsi ya kutazama, na somo hilo linazidi plastiki. Ustaarabu wa Kiafrika nao umetupiwa jicho mara moja na kupitwa kwa karne nyingi.

Uamuzi huo unapata uzito zaidi ukikumbukwa historia ya nyenzo yenyewe. Vikaragosi vya watu vya kampuni hii, vilivyotolewa kwa umbo lake la sasa mwaka 1978, vilikuwa na nyuso za manjano, rangi iliyokusudiwa kutokuwa ya kabila wala taifa lolote. Ngozi za rangi halisi hazikuonekana hadi mwaka 2003. Kwa miaka 25, basi, “mtu wa kawaida” wa ulimwengu huo hakuwa mweusi, na manjano yake yalidai kuwa hayana upande. Nimako hajibu kwa kuongeza sura nyeusi katika umati wa manjano. Anaifanya rangi nyeusi kuwa ulimwengu mzima, ambamo hakuna rangi nyingine ya kulinganishwa nayo.

Bado pana swali ambalo sifa nyingi hulikwepa. Juu ya kila kinundu cha tofali la LEGO limechorwa jina la kampuni. Mji huu wa Afrika ya mwaka 3020 umetiwa chapa ya kiwanda cha Denmark mara nyingi kuliko inavyohesabika. Je, hilo ni dosari? Naona ni ukweli ambao kazi inaubeba hata kama msanii hakuukusudia. Tunaandika pia mashairi ya uhuru kwa kalamu na karatasi zilizotoka viwanda vya wengine. Lakini mhakiki asiyelitaja jina hilo lililo kwenye kila kinundu atakuwa ameusoma mji na kuacha kusoma tofali.

5.0 Kushirikiana Kazi

Kazi ya mjenzi mzima haikamiliki mpaka imeonwa na wenzake. Hapa tena historia ya Kiswahili inatusaidia. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza kutolewa Dar es Salaam mwaka 1923, lilitenga nafasi kwa mashairi ya wasomaji. Walimu, makarani na mafundi walituma tungo zao, wakajibizana, wakasahihishana mizani, wakasifiana na kuchomana. Wengi wao hawakuishi kwa ushairi. Waliupenda. Jumuiya ya wajenzi wa matofali inafanana na hiyo kuliko inavyofanana na soko la sanaa.

Mfano bora wa ukarimu wa jumuiya hii ni LDraw. Mwaka 1995 James Jessiman wa Australia alitunga programu na utaratibu wa faili uliomwezesha mtu yeyote kuchora kazi ya matofali kwa kompyuta, kipande kwa kipande, na kuwapa wengine bila malipo. Alifariki mwaka 1997 akiwa bado kijana. Wenzake waliendelea kuongeza maktaba ya vipande, kila mmoja akichora alichoweza. Kabla ya hapo, kazi iliyobomolewa ilibaki katika picha tu, kama shairi lililoghaniwa likakosa mwandishi. Baada ya hapo, ilipata muswada wake.

Zipo pia njia zinazopita mikononi mwa kampuni. Mpango unaoitwa leo LEGO Ideas ulianza Japani mwaka 2008. Mtu huwasilisha kazi yake. Ikipata waungaji mkono 10,000 huchunguzwa na kampuni, na ikikubaliwa hutengenezwa na kuuzwa, naye mbunifu hupewa asilimia 1 ya mauzo halisi. Kwa njia hii seti ya wanawake wa NASA, iliyobuniwa na Maia Weinstock, ilifika madukani mwaka 2017. Jumba la LEGO House, lililofunguliwa Billund mwaka huohuo, lina ukumbi maalumu wa kazi za wajenzi wazima.

Njia hizi zina faida, na si haki kuzibeza. Hata hivyo zinabadilisha kigezo. Kura 10,000 hupima idadi ya watu waliokipenda kitu kwa mtazamo wa kwanza. Kazi inayohitaji kuzungukwa na kuinamiwa, kama mji mweusi wa Nimako, haina nguvu mbele ya kipimo hicho, na inayokumbusha filamu maarufu ina nguvu nyingi. Aidha, mashairi ya Mambo Leo yalipata kosoa za wasomaji kwa maneno; kura haikosoi, hukubali au hunyamaza. Jumuiya inayohesabu bila kusema itapata kazi kubwa zaidi kila mwaka, lakini sina hakika kwamba itapata kazi bora zaidi.

6.0 Nani Mwenye Kaida?

Swali la umiliki lilidhihirika mwaka 2015. Ai Weiwei, ambaye mwaka uliotangulia alikuwa amejenga picha za watu 176 waliofungwa au kuhamishwa kwa ajili ya imani na misimamo yao, katika gereza la zamani la Alcatraz, alitaka kununua matofali mengi kwa ajili ya maonyesho mjini Melbourne. Kampuni ilikataa, ikieleza kwamba haishiriki katika kazi zenye ajenda ya kisiasa. Watu wa kawaida wakaanza kumpelekea matofali yao ya nyumbani. Januari 2016 kampuni ilibadili msimamo na kutangaza kwamba haitauliza tena madhumuni ya anayenunua kwa wingi.

Tukio hili limesemwa sana kama habari ya uhuru wa kujieleza. Kwa mhakiki lina somo jingine. Picha za Alcatraz zilifaulu kwa sababu ya tofali: nyuso zilizotandazwa sakafuni, zenye kingo za mraba, zisizotambulika kwa karibu na zinazotambulika kwa mbali, kama wafungwa wanavyojulikana na ulimwengu kwa picha mbovu na za mbali. Kampuni ilipokataa kuuza haikuzuia bidhaa tu. Ilikuwa kama mwenye kamusi anayekataa maneno yake yasitumiwe katika shairi asilolipenda.

Je, kaida ya tofali ina mwenyewe? Mahakama zimetoa jibu. Mwaka 2005 Mahakama ya Juu ya Kanada, na mwaka 2010 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, ziliamua kwamba umbo la tofali haliwezi kulindwa kama alama ya biashara kwa kuwa ni umbo la kiufundi, na hataza zake zilikwisha muda. Ikumbukwe pia kwamba kampuni yenyewe ilianza matofali yake kwa kurekebisha wazo la Mwingereza Hilary Fisher Page wa Kiddicraft. Jina ni mali ya kampuni. Vinundu na milimita 8 ni mali ya yeyote anayejenga. Hakuna aliyewahi kumiliki mizani 16 za tarbia, na hakuna anayeweza kuzidai leo kwa sababu tu yeye ndiye anayeuza daftari.

7.0 Hitimisho na Mapendekezo

Makala haya yameonyesha kwamba ujenzi wa matofali wa watu wazima ni utunzi wenye arudhi yake, na kwamba kazi njema ni ile ambayo haiwezi kuhamishiwa kwenye nyenzo nyingine bila kupoteza maana. Kwa kigezo hicho, Yellow ya Sawaya inazishinda nyingi za wenzake wa chumba kimoja, na Kumbi Saleh 3020 CE inasimama juu kwa sababu ugumu wake wa kiufundi na hoja yake ya kihistoria ni kitu kimoja. Idadi ya vipande haina sauti katika hukumu hizo.

Mapendekezo ni matatu. Kwanza, wanaistilahi wa Kiswahili, wakiwemo walio chini ya Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, waitafutie shughuli ya ziada ya mtu mzima jina lisilomfanya mtoto wala mraibu. Mpaka hapo, napendekeza mjenzi wa namna hii aitwe mtunzi, na kazi yake utunzi. Pili, wahakiki wa fasihi na sanaa waingie katika nyanja hii kwa vigezo vyetu wenyewe. Nidhamu ya kuhakiki kaida tunayo, na haikuazimwa.

Tatu, washauri wa sera wasiichukue hoja hii kuwa mwaliko wa kununua plastiki kwa ajili ya kila jumba la makumbusho. Matofali haya ni ghali, na hapa kwetu yupo mtu mzima anayetunga kwa waya, udongo na mabaki ya mbao, naye hana ukumbi wala mhakiki. Claude Lévi-Strauss alimwita mjenzi wa namna hiyo fundi wa vilivyopo, na mwaka 1962 alimpa heshima ya kuwa mfano wa fikra za binadamu. Sera nzuri ingeanzia kwake: ukumbi wa kuonyesha, jarida la kukosoana, na sheria inayotambua kwamba utunzi wake ni mali yake. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981, na watu wengi wa kanda hii hawajawahi kuyaona. Mtu mzima atakayeujenga mji huo juu ya meza, kwa nyenzo yoyote aliyo nayo, na kuwaita majirani waje kuukosoa, atakuwa anacheza kwa maana iliyo bora ya kitenzi hicho. Wajibu wetu ni kuhakikisha kwamba meza aliyoujengea haichezi.